Maswali ya Wasomaji: Kurudi kwenye Ufugaji wa Baji

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mstaafu wa reli, ninaishi Isevya mjini Tabora. Nilipokuwa kijana kazini Dar es Salaam nilifuga baji, wale kasuku wadogo wa Australia wenye milia kichwani na mgongoni, katika banda moja kubwa nyuma ya nyumba ya kazi, na walizaana wenyewe bila mimi kushughulika sana. Uhamisho ulipokuja niliwagawa kwa majirani, na tangu hapo kazi na malezi ya watoto havikuniachia nafasi. Sasa ninao uwanja na muda, na mjukuu wangu ananidai ndege wa bluu. Ningependa kujua nianze na wangapi, niwaweke wote pamoja kama zamani au wawili wawili, niwalishe nini kwa kuwa chakula cha pakiti ni shida kukipata huku, na kama kuna hatari yoyote kwa mke wangu ambaye ana pumu.
Mstaafu, Isevya, Tabora

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua banda lijengwe wapi. Manyoya ya baji hutoa unga mwembamba, na kinyesi chao kikikauka husagika na kupeperuka. Vyote viwili vinaweza kuchokoza pumu, na kwa baadhi ya watu wanaovuta vumbi hilo kwa miaka huleta ugonjwa wa mapafu unaoambatana na kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi. Kwa hiyo ndege wako wasikae sebuleni wala barazani. Pepo za kiangazi hapo Tabora huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, basi banda likae upande wa magharibi wa nyumba, mbali na madirisha ya vyumba vya kulala, na uliwekee kivuli cha kutosha kwa sababu upande huo ndio unaopigwa na jua la alasiri. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, afagiaye afunike pua na mdomo, na kazi hiyo asipewe Bibi hata siku ambayo wewe umesafiri. Zungumza pia na daktari wake kabla hujanunua ndege hata mmoja. Iko vilevile homa inayoambukizwa na jamii ya kasuku, ambayo kwa binadamu huanza kwa joto la mwili, maumivu makali ya kichwa na kikohozi. Inatibika kwa dawa za kuua bakteria, lakini daktari asipoambiwa kwamba mgonjwa anafuga ndege, si rahisi aifikirie.

Kuhusu banda lenyewe, urefu wa kwenda mbele una faida kuliko urefu wa kwenda juu, kwa maana baji huruka kwa kunyoosha na hapandi wima kama helikopta. Mita mbili au tatu zinatosha kwa kundi dogo. Wavu uwe na matundu yasiyozidi milimita 12, maana panya mdogo na nyoka mwembamba hupita pasipodhaniwa, na wavu mpya wa mabati usuguliwe kwa siki na maji kisha uachwe nje upigwe na mvua na jua, kwa sababu vumbi la zinki lililobaki juu yake ni sumu kwa ndege ambaye kazi yake ya mchana kutwa ni kutafunatafuna. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu yake. Siafu wakiingia usiku katika kisanduku cha kutagia chenye makinda, asubuhi hutakuta kitu. Fito za kutulia zikatwe kwenye mpera, au kwenye mkaratusi, ambao ni mti wa kwao hata kama sisi tunauona ni wa kwetu. Ziwe na unene unaotofautiana ili nyayo zisichoke, na zifungwe imara. Jiko la mkaa liwe mbali, na sufuria zile zisizogandisha chakula zisiachwe zikaungua, kwa kuwa moshi wake unaua ndege kabla mwenye nyumba hajanusa chochote.

Sasa nije kwenye swali ambalo naona ndilo zito zaidi, la kuwaweka wote pamoja. Unasema walizaana wenyewe. Nakubali kwamba walizaana, lakini kumbukumbu ya banda lililozaa lenyewe huhifadhi makinda yaliyoruka na kuyasahau yale yaliyookotwa chini asubuhi. Majike ya baji ni wagomvi wakali wakati wa kutaga: jike mmoja huacha kisanduku chake na kuvamia cha mwenzake, huvunja mayai, na mara nyingine huua makinda na hata mama yao. Pamoja na hayo, katika banda la pamoja humjui baba wa kinda yeyote, ndugu huoana, na baada ya vizazi vichache utakuta ndege wadogo, dhaifu na wenye manyoya mabovu pasipo kujua kosa lilianzia wapi. Mfugaji anayerudi anarudi na ujuzi wa kweli, ambao anayeanza hana, ila hurudi pia na mazoea, na zoea hili la banda moja ndilo ningekuomba uliache. Waweke pamoja katika banda kubwa wakati wa mapumziko, na uwatenge wawili wawili wakati wa kuzaa, kila jozi katika tundu lake lenye urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa 40, matundu yakiwa yamepangwa ili jozi zisikiane na kuonana. Baji ni ndege wa kundi, na jozi iliyo peke yake nyumbani mara nyingi haitagi kabisa. Ndiyo maana nakushauri uanze na jozi tatu wala si moja, na wala si kumi.

Ikiwa moyo wako umekataa na ni lazima uwaweke pamoja, basi kusiwe na jike asiye na mwenzi, visanduku viwe mara mbili ya idadi ya jozi, vyote vitundikwe kwa kimo kimoja karibu na dari, na vyote vitundikwe siku moja. Kisanduku cha juu kuliko vingine hugombewa mpaka damu.

Katika kununua, tazama ile ngozi laini iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua. Kwa dume aliyekomaa huwa bluu iliyoiva. Kwa jike huwa kahawia wakati wa kutaga na hufifia kuwa nyeupe au bluu iliyopauka akiwa amepumzika. Kwa wale wa njano tupu au weupe tupu wenye macho mekundu, dume hubaki na rangi ya waridi iliyoelekea zambarau hata akizeeka, na hapo ndipo wengi huuziwa kisichokuwa. Kinda hutambulika kwa milia inayoshuka hadi juu ya mdomo, ambayo hupotea anapobadili manyoya akiwa na umri wa miezi mitatu au minne. Nunua makinda wa namna hiyo, kutoka kwa wafugaji wawili tofauti ili damu isiwe moja, na usubiri wafikishe mwaka mmoja. Najua kusubiri ni kugumu kwa aliyekwisha kungoja miaka mingi. Hata hivyo jike aliyetagishwa na miezi sita hukwamiwa na yai na kufa, au hutelekeza makinda, na aliyenunuliwa akiwa mkubwa pasipo pete ya mguuni yenye mwaka wake wa kuzaliwa anaweza kuwa amekwisha kutaga miaka yote iliyomfaa. Ndege watakaofika kwa basi kutoka Dar es Salaam au Mwanza wasafirishwe katika boksi gumu lenye matundu, wakiwa na ulezi chini na kipande cha tango badala ya maji yanayomwagika, na wakifika watengwe na wengine kwa muda wa mwezi mzima.

Usisikitike kwamba hutapata wale wakubwa wenye kichwa cha mviringo na manyoya yanayofunika macho, ambao hushindanishwa katika maonyesho huko Uingereza, ambako chama chao cha wafugaji kimekuwepo tangu mwaka 1925. Wale wana mvuto wao, lakini wengi wao huzaa kwa taabu. Hawa wadogo tunaowapata huku wana mwili ulio karibu zaidi na wa porini, wenye uzito wa gramu 30 hadi 40, na kwa maoni yangu ni ndege bora kwa mtu anayetaka kuona makinda.

Chakula kisikutie wasiwasi, kwa kuwa Tabora ni nchi ya nafaka. Ulezi na uwele viwe ndiyo msingi, mtama uwe kidogo, na ndege mmoja hutosheka kwa vijiko viwili vya chai kwa siku. Baji humenya kila punje na kuacha ganda palepale, hivyo chombo huonekana kimejaa wakati kimebaki makapi matupu; pepeta kwa pumzi kila asubuhi kabla ya kuamini macho. La kuangalia kwa makini ni dawa. Wewe unamkumbuka dumuzi, mdudu wa kutoboa nafaka ghalani, aliyeripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika katika mkoa huohuo wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kuchanganya nafaka na dawa ya unga limekuwa jambo la kawaida kwa wakulima na wafanyabiashara. Nunua kwa mkulima unayemfahamu, kabla hajaweka dawa, na usiguse kamwe mbegu za kupanda zilizotiwa rangi. Loweka kiganja cha ulezi usiku mmoja, suuza, uache uchipue: ukikataa kuchipua, nafaka hiyo imezeeka, ukichipua, ndege wape palepale, kwani ni chakula kizuri kuliko ule mkavu. Ongeza mchicha, sukuma wiki na karoti iliyoparuzwa. Mfupa wa ngisi ukipatikana kutoka pwani ni vyema, na usipopatikana, maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, yatampa jike chokaa anayoihitaji. Parachichi ni sumu kwao, hata kipande kidogo, kwa hiyo watoto wa nyumbani waambiwe mapema.

Nyumbani kwao Australia, baji huzaa pale mvua inaponyesha na nyasi kutoa mbegu, bila kufuata kalenda. Kwako nyasi za mwituni hubeba mbegu mbichi kuanzia Februari hadi Mei, na mafungu ya nyasi hizo yakiningʼinizwa ndani ya tundu huamsha hamu ya kutaga kuliko dawa yoyote ya dukani, mradi zisikatwe kando ya mashamba ya tumbaku yanayopuliziwa dawa. Mimi ningetundika visanduku mwezi Machi na kuviondoa Julai, ili Septemba na Oktoba, ambapo joto hugeuza kisanduku kuwa tanuri, zikute ndege wote wamepumzika. Kisanduku kiwe na urefu wa sentimita 25 hivi, upana na kimo cha 15 hadi 20, mlango wa duara wa sentimita nne hadi tano, na sakafu ya mbao iliyochongwa kishimo ili mayai yasibiringike. Jike hahitaji majani wala pamba ndani yake. Jike hutaga mayai manne hadi sita, moja kila baada ya siku mbili, na kila yai huanguliwa baada ya siku 18 hivi, kwa hiyo usishangae kukuta kinda mwenye manyoya akiwa amelala na mdogo wake aliye uchi. Hutoka kisandukuni wakiwa na wiki tano, na baba huendelea kuwalisha kwa wiki moja au mbili zaidi. Mizao miwili mfululizo inatosha kwa mwaka, hata kama jike anataka wa tatu.

Mwambie mjukuu kwamba wa bluu si jambo la bahati. Baji wote wa porini ni wa kijani, na rangi hiyo huifunika bluu, kwa hiyo ndege wa kijani anaweza kubeba bluu isiyoonekana. Kijani wawili wenye siri hiyo hupata, kwa wastani, kinda mmoja wa bluu katika kila wanne. Bluu na bluu hawazai kijani kamwe. Mnunulie jozi moja ya bluu, na ashike yeye daftari la kuandika baba, mama, tarehe ya kila yai na namba ya kila pete.

SWALI: Mpendwa Mhariri, nilikuwa na baji nilipokuwa sekondari, na mwaka huu nimerudi kufuga nikiwa na familia yangu. Nilinunua dume wa kijani na jike wa bluu wakiwa wadogo, na sasa wamekomaa. Wanapendana, wanalishana, na wote wawili wanalala ndani ya kisanduku. Walitaga mayai tisa ndani ya siku kumi, lakini hakuna hata moja lililoanguliwa. Je, ni joto la Kigoma au ni chakula?
Mama Wawili, Mwanga, Kigoma

JIBU: Mama Wawili, barua yako imebeba jibu lake. Jike mmoja hutaga yai moja kila baada ya siku mbili, kwa hiyo katika siku kumi angefikisha matano au sita tu. Mayai tisa yana mama wawili. Dume huingia kisandukuni mara kwa mara kumlisha jike, lakini kazi ya kuatamia si yake, na wawili wanaolala juu ya mayai pamoja kila usiku karibu siku zote ni majike. Kupendana kwao kusikupe mashaka, kwa maana majike wawili wasio na dume hulishana na kuchanana manyoya kama mke na mume. Aliyekuuzia huenda hakukusudia kukudanganya. Ngozi ya juu ya mdomo wa kinda huwa na rangi ya waridi kwa dume na jike, na kinachotofautisha ni weupe kuzunguka matundu ya pua ya jike, ambao hauonekani vizuri ndani ya duka lenye giza. Mtazame huyo wa kijani leo juani, na nadhani utaona kahawia.

Ondoa kisanduku sasa, kwa sababu wote wawili wamechoka na chokaa imewapungua mwilini. Wape maganda ya mayai yaliyosagwa na mboga kwa miezi miwili, kisha utafute madume wawili waliofikisha mwaka, na kila jozi iwe na tundu lake, kwani ukiwaletea dume mmoja urafiki huo utakwisha siku hiyohiyo. Mzao ujao, siku ya saba baada ya jike kuanza kuatamia, mulika yai kwa tochi ndogo gizani: lenye mishipa myekundu lina uhai, na linalopitisha mwanga mweupe mtupu halina kitu. Yakiwa meupe wakati dume ni dume kweli, kagua fito za kutulia, kwa kuwa dume hawezi kupanda juu ya fito inayocheza.

SWALI: Baba yangu amerudia kufuga baji, nami nimepata mtu anayeweza kutukamatia kasuku wadogo wa porini wenye uso wa rangi ya machungwa. Tunaweza kuwachanganya ili tupate mbegu mpya?
Kijana, Nzega

JIBU: Hapana. Ndege hao asili yao ni nyanda za kusini mwa Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1980 walinaswa kwa wingi mno kupelekwa Ulaya na Marekani hata idadi yao porini ikashuka. Kuwakamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na anayenunua naye haponi. Mbegu mpya pia hutaipata, kwa kuwa hawa ni jamii mbili zilizo mbali na hazizaliani. Utakachopata ni baji waliokatwa vidole, maana hao wa porini wana mdomo mzito na huuma miguu ya jirani yake kupitia hata kwenye wavu. Hata mtu akikupa wale waliozaliwa mikononi mwa mfugaji mwenye kibali, banda lao litengwe na la baji kwa nyavu mbili zilizoachana kwa upana wa kiganja.